Umri wa Ukimya, Umri wa Kelele

Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 2011, ukumbi wa Minskoff ulioko Times Square, New York, ulionyesha The Lion King kwa watazamaji ambao kwa kawaida hawakuonekana Broadway. Shirika lisilo la kibiashara liitwalo TDF, ambalo kazi yake ni kuwafikisha watu kwenye maigizo, lilikuwa limenunua viti vyote, zaidi ya 1,600, kisha likaviuza kwa bei nafuu kwa familia zenye watoto wenye usonji. Taa za kumulika-mulika zinazoelekezwa kwa watazamaji zilizimwa. Milipuko ya sauti ikapunguzwa makali. Nje ya ukumbi kukatengwa pembe za utulivu, na wahudumu wa kujitolea waliowazoea watoto wa namna hiyo wakakaa tayari. Kabla ya siku yenyewe familia zilikuwa zimeandaliwa maelezo ya picha ya safari nzima: mlango utakaoingilia ni huu, hapa patakuwa na watu wengi, hapa patakuwa na sauti kubwa, ukichoka utatokea hapa. Lilikuwa onyesho la kwanza la aina hiyo katika historia ya Broadway. Aliyetaka kusimama alisimama, aliyetaka kuziba masikio aliziba, na ukelele wa mtoto haukuwa sababu ya mzazi kubeba begi na kuondoka. Tena majina yaliyokuwa yakitajwa jukwaani, Simba, Rafiki, Pumbaa, yalikuwa ya lugha yetu.

Habari kama hizi husimuliwa kwa kawaida kama habari za ukarimu. Tunaambiwa kwamba kulikuwa na desturi ya kale ya kutulia ukumbini, kukawa na watoto wasioiweza desturi hiyo, ndipo wenye kumbi wakaingiwa na huruma na kuilegeza kwa saa mbili tatu. Simulizi hiyo, kwa maoni yangu, imeipindua historia miguu juu kichwa chini. Ukizipanga tarehe utakuta kwamba ukimya wa ukumbini ni mchanga, kwamba kelele za sinema na supamaketi ni changa zaidi, na kwamba zuio lililowafungia watoto hawa majumbani liliwekwa na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana. Onyesho la Minskoff halikuvunja mila ya mababu. Lilirekebisha kosa la juzi juzi, na waliolidai rekebisho hilo miaka yote walikuwa wazazi na watu wenye usonji wenyewe.

Tuanze na ukimya. Katika London ya Shakespeare maigizo yalichezwa mchana kweupe, uwanja ukiwa wazi juu, na waliolipa peni moja walisimama mbele ya jukwaa wakila, wakinywa na kuwarushia waigizaji maneno. Karne mbili baadaye kumbi zilikuwa zimeezekwa, lakini mishumaa iliwaka upande wa watazamaji muda wote wa onyesho, kwa sababu watu walikuja kutazamana kadiri walivyokuja kutazama mchezo. Mwaka 1809 wenye ukumbi wa Covent Garden, walioujenga upya baada ya kuungua, walipandisha viingilio. Watazamaji waliingia na kengele na mapembe, wakazomea, wakacheza ngoma ndani ya ukumbi usiku baada ya usiku kwa zaidi ya miezi miwili, mpaka meneja John Philip Kemble akasalimu amri. Giza lilikuja baadaye. Mtunzi wa opera Richard Wagner alipofungua ukumbi wake wa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, taa za upande wa watazamaji zilizimwa ili macho yote yaelekee jukwaani, na katika miaka iliyofuata mwigizaji Henry Irving aliipeleka desturi hiyo kwenye ukumbi wa Lyceum, London. Kukaa gizani bila kutikisika, kumeza kikohozi, kumkodolea macho jirani anayechakura mfuko wa peremende: haya yote yana umri usiozidi wa babu wa babu yako. Na msomaji wa Kiswahili hahitaji kusafiri ili aamini kwamba hadhira inaweza kuwa vingine. Kwenye taarab mtu huinuka katikati ya ubeti, akacheza mpaka mbele, akamtuza mwimbaji na kurudi kwa madaha, wala hakuna asemaye kwamba ameharibu wimbo. Ngano haianzi mpaka wasikilizaji waitikie pakawa. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala mtafsiri huzungumza juu ya sauti ya filamu, na watazamaji nao humjibu.

Hata sinema ilizaliwa na kelele za watu. Vile vijumba vya Marekani vilivyoenea kuanzia mwaka 1905, baada ya kimoja cha Pittsburgh kupata umaarufu, vilitoza senti tano, watu wakiingia na kutoka watakavyo, na kati ya filamu moja na nyingine maneno ya wimbo yalitupwa ukutani ili ukumbi mzima uimbe. Filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, ndipo watazamaji walipotakiwa kunyamaza ili maneno yasikike. Mtoto anayetembeatembea huku filamu ikiendelea angekuwa mtazamaji wa kawaida kabisa katika kijumba cha Pittsburgh.

Watu wakanyamazishwa, mitambo ikapewa ruhusa ya kupaza sauti. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha makala kuhusu watoto 11, makala iliyoupa usonji mahali pake katika tiba. Ndani yake anataja vitu vilivyowatia baadhi ya watoto hao hofu kuu: mashine za kufyonza vumbi, lifti, vifaa vya kupigia mayai, midoli ya kujiendesha, majiko ya gesi, maji yanayotiririka, hata upepo. Orodha hiyo inafaa isomwe polepole. Ukitoa maji na upepo, karibu vyote ni vitu ambavyo bibi za watoto hao hawakulelewa navyo. Rekodi ya kwanza maarufu ya usonji ni rekodi pia ya nyumba zilizokuwa zimeanza kunguruma. Kumbuka ilikuwa bado 1943. Taa za tyubu, zenye ule mvumo mwembamba ambao wengi wetu tumekwisha kuuzoea, zilikuwa na miaka mitano tu sokoni. Kampuni ya Muzak, iliyoanzishwa 1934 na iliyokuja kusambaza muziki wa kujazia ukimya wa kazini na madukani, ilikuwa bado changa. Mfumo wa sauti wa Dolby Stereo, ulioifanya milipuko ya filamu ya Star Wars isikike kifuani mwa mtazamaji mwaka 1977, haukuwa hata ndoto. Na vyoo vya umma havikuwa na mashine za leo za kukaushia mikono. Mwaka 2019 jarida la tiba la watoto la Kanada lilichapisha vipimo vya msichana wa shule wa Calgary ambaye tangu utotoni aliwasikia watoto wenzake wakilalamika kwamba mashine hizo zinaumiza masikio. Alizipima kwenye kimo cha masikio ya mtoto, ambacho ndicho kimo cha mdomo wa mashine, akakuta baadhi yake zinapita desibeli 100. Wahandisi walikuwa wamezipima kwenye kimo cha mtu mzima. Kwa mtoto mwenye usonji mlango wa choo ndio mara nyingi unaoamua kama matembezi yataendelea au yataishia hapo, na ilibidi mtoto ashike kipimo mwenyewe ndipo jambo hilo lijulikane.

Jambo la tatu ni zito kuliko haya mawili. Mwaka 1867 San Francisco, na mwaka 1881 Chicago, walipitisha sheria ndogo zilizomkataza mtu mgonjwa, mwenye kilema au mwenye umbo lililohesabiwa kuwa la kuchukiza, kujionyesha barabarani na mahali pa umma. Shabaha ya kwanza walikuwa ombaomba, na haitakuwa haki kudai kwamba ziliandikwa kwa ajili ya watoto wenye usonji, ambao ulemavu wao hauonekani umboni. Lakini sheria hizo zilikuwa na fundisho pana: kwamba mpita njia ana haki ya kutosumbuliwa macho, na aliye tofauti ana wajibu wa kukaa ndani. Mtoto aliyepiga mayowe au kujipigapiga alipelekwa kwenye taasisi. Willowbrook, katika kisiwa cha Staten mjini New York, ilijengwa kwa ajili ya watu 4,000, na katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa imesongamana watu zaidi ya 6,000. Mwandishi wa televisheni Geraldo Rivera alipoingia na kamera mwaka 1972, Wamarekani waliwaona watoto uchi sakafuni, katika uchafu na giza. Taasisi hiyo ilifungwa kabisa mwaka 1987. Waliobaki nyumbani nao walifungiwa na aibu. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliwatwika wazazi lawama ya usonji, hasa mama, kwa madai kwamba ubaridi wao ndio uliomfungia mtoto ndani ya nafsi yake. Mama aliyeaminishwa hivyo angewezaje kumshika mwanawe mkono na kuingia naye dukani? Kila ukelele wa mtoto ungekuwa ushahidi dhidi yake mbele ya watu.

Aliyeibomoa hoja hiyo, iliyokuwapo tangu kabla ya kitabu hicho, alikuwa mzazi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto wa kiume mwenye usonji, alichapisha mwaka 1964 kitabu kilichoonyesha kwamba asili ya hali hiyo imo mwilini, wala haihusiani na mapenzi ya mama. London, wazazi walikuwa wamekwisha kujikusanya mwaka 1962 na kuanzisha chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Marekani chama chao kilizaliwa 1965. Vyama hivi ndivyo vilivyosukuma elimu. Uingereza ikapitisha sheria mwaka 1970 iliyofuta dhana ya mtoto asiyefundishika, na Marekani ikafuata mwaka 1975 kwa sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya shule ya umma.

Hapa mwaka 1974 unafaa kutazamwa kwa karibu. Ndio mwaka Chicago ilipoifuta ile sheria yake ya 1881, baada ya miaka 93. Na tarehe 26 Juni mwaka huohuo, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ilipitishwa juu ya kioo cha mashine na kuwa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa msimbo pau. Leo mlio wa mashine hiyo husikika mara maelfu kwa siku katika kila duka kubwa, keshia kumi kwa pamoja, kila mmoja kwa mdundo wake. Matukio hayo mawili hayakupangwa na mtu mmoja, lakini yanabeba kiini cha hoja yangu. Mlango wa mahali pa umma ulifunguliwa kwa watu wenye ulemavu katika muongo uleule ambao mahali pa umma palianza kuwashiwa mitambo, spika, skrini na taa kwa kiwango kisichopata kuonekana. Mtoto aliruhusiwa kutoka nyumbani na kukuta nje kumegeuka. Aliposhindwa kustahimili, ikasemwa kwamba tatizo ni lake.

Wa kwanza kuonyesha kwa vitendo kwamba mahali panaweza kupangwa vingine walikuwa watu wazima wenye usonji. Mwaka 1996 mtandao wa Autism Network International, ambao Jim Sinclair alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulifanya kambi yake ya kwanza iliyoitwa Autreat. Washiriki waliombwa wasipake manukato. Kamera zenye mwako zilikatazwa. Beji za rangi zilimwezesha mtu kusema bila kufungua mdomo: nyekundu, usinisemeshe, njano, nisemeshe ikiwa tunajuana. Palikuwa na mahali pa kwenda kupumzika ukizidiwa, wala hukuhitaji kutoa sababu. Hebu linganisha orodha hiyo na zile ambazo kumbi na maduka ya kimataifa yalizitangaza miaka kumi na tano au ishirini baadaye kama uvumbuzi wao. Karibu kila kitu kilikuwa kimekwisha kujaribiwa na watu wanaojua kutoka ndani ni kipi kinachouma. Hata yale maelezo ya picha ya Minskoff yana asili yake: ni mbinu ya hadithi za maandalizi ambayo Carol Gray, mwalimu wa Michigan, aliianzisha mwaka 1991 ili mtoto aione hali ngeni akilini kabla hajaikuta kwa miguu yake.

Hatua ya kibiashara nayo ilianzia kwa mama. Mwaka 2007, katika mji wa Columbia, Maryland, mama mmoja alitakiwa kuondoka kwenye sinema kwa sababu binti yake mwenye usonji alikuwa akicheza na kurukaruka kwa furaha. Kesho yake alimpigia simu meneja wa jumba la kampuni ya sinema ya AMC la mjini kwake, akamwomba onyesho moja ambamo taa zisizimwe kabisa, sauti ipunguzwe, na mtoto aruhusiwe kuinuka. Wakaja watoto na wazazi wapatao 300. Kampuni ikishirikiana na chama cha Autism Society ikaupeleka mpango huo miji mingine. Uingereza majumba ya sinema ya Odeon yalianza maonyesho ya namna hiyo mwaka 2011, na kumbi za maigizo za London zikaingia kwa wingi mnamo 2012 na 2013. Mei 2016 supamaketi moja ya Asda katika mtaa wa Cheetham Hill, Manchester, ilifungua mapema siku moja ya Jumamosi ikiwa imezima muziki, ngazi za umeme na televisheni zake. Kuanzia hapo wazo lilikimbia: Australia mwaka 2017, supamaketi zote za Morrisons Uingereza mwaka 2018 kwa saa moja kila Jumamosi, New Zealand nzima mwaka 2019.

Sasa pingamizi. La kwanza hutolewa na mtazamaji aliyelipa fedha nyingi akitaka kusikia kila neno. Haki yake si ya kudharauliwa. Septemba 2015, katika onyesho la The King and I kwenye jengo la Lincoln Center, New York, mtoto mwenye usonji alipiga kelele wakati wa tukio la viboko, na baadhi ya watu wakamgeukia mama yake kwa hasira mpaka akaanza kumtoa mtoto, naye mtoto hataki kuachia chuma cha kushikilia. Kelvin Moon Loh, aliyekuwa mmoja wa waigizaji jukwaani, aliandika baadaye kumtetea mama huyo, akiuliza tangu lini watu wa maigizo wamejali raha yao wenyewe kuliko huruma kwa binadamu mwenzao. Mimi naongeza jambo moja. Mtoto yule alilia wakati mtu anakaribia kuchapwa viboko. Katika ukumbi uliojaa watu wazima waliotulia, ni yeye aliyelipokea tukio hilo kwa uzito wake. Hata hivyo hoja ya mlipaji ina jibu la kawaida zaidi: onyesho moja kati ya maonyesho nane ya wiki halimpokonyi kitu, na tikiti yake humruhusu achague siku. Mama wa Columbia hakuomba zaidi ya hilo.

Pingamizi la pili huja kwa sauti ya busara: dunia haitazimiwa muziki kwa ajili ya mtoto wako, afadhali aizoee mapema. Ni hoja inayowavutia hata wazazi, kwa kuwa wanajua hawataishi milele. Lakini imesimama juu ya dhana kwamba kelele ni ukuta wa kudumu kama milima, na tumeona kwamba ina tarehe ya kuzaliwa na mtu aliyeiwasha. Tena inauelewa vibaya mwili wenyewe. Mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano, uliingiza rasmi miongoni mwa dalili za usonji hali ya hisi kupokea kupita kiasi au kupokea pungufu. Kuna watoto ambao mlio wa mashine ya keshia huwachoma, na kuna wengine wanaotafuta kelele, wanaogusa kila kitambaa na kunusa kila tunda. Kumzamisha wa kwanza ndani ya kelele humfundisha jambo moja tu, kwamba duka ni mahali pa maumivu. Aliyeingia mara tano wakati wa utulivu, akajua mkate uko wapi na foleni huisha vipi, ana kitu cha kushikilia siku atakapoingia wakati spika zinaita. Kuzoea kunahitaji ngazi ya kwanza ya kukanyaga.

La tatu ndilo linalonisumbua, na hutolewa na watu wenye ulemavu wenyewe: saa maalumu ni kutenga kwa jina jipya. Mwaka 2011 msanii wa London Jess Thom, ambaye ana ugonjwa wa Tourette na hutoa sauti asizoweza kuzizuia, alikwenda kumtazama mchekeshaji jukwaani, na wakati wa mapumziko akaombwa akakae kwenye kibanda cha fundi sauti kwa sababu watu wamelalamika. Alilia, na akaapa kutokanyaga tena kwenye ukumbi wa maigizo. Baadaye alibadili uamuzi kwa njia ya pekee: alitunga onyesho lake mwenyewe, ambamo kila siku ya onyesho ilikuwa ya utulivu na ruhusa, na mwaka 2020 kituo cha Battersea Arts Centre, kwa kushirikiana na kampuni yake, kikatangaza kuwa jengo lote, siku zote, litaendeshwa kwa kanuni hiyo. Kibanda cha fundi sauti na saa moja ya Jumamosi vina undugu, na hilo lazima likubaliwe. Sheria za Chicago zilimwambia mtu asionekane kabisa; saa maalumu inaweza kugeuka kumwambia aonekane saa tatu asubuhi tu. Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Mlango wa saa ya utulivu haumzuii mtu yeyote kuingia, na haumfukuzi mtoto saa nyingine. Wala hauhitaji cheti cha daktari. Ndiyo maana wazee, wenye kipandauso na wenye watoto wachanga huonekana humo pia bila kualikwa. Aidha, chama cha National Autistic Society kilipowauliza watu wenye usonji na familia zao kuhusu matembezi, karibu nusu walisema wakati mwingine hubaki nyumbani kwa kuogopa jinsi watu watakavyowatazama. Kwa familia za namna hiyo faida ya saa ile haiko kwenye spika zilizozimwa peke yake. Iko kwenye macho ya watu, ambayo kwa saa hiyo yana kazi nyingine.

Kuhusu gharama sina haja ya kusema mengi. Kuzima muziki hakugharimu kitu, na ngazi ya umeme iliyozimwa inapunguza bili. Kumbi za maigizo zina mzigo wa kweli, kwa sababu taa na sauti za onyesho zima hupangwa upya na viti vingine huachwa wazi ili watoto wapate nafasi. Ndiyo maana Broadway ilihitaji shirika kama TDF kununua ukumbi mzima. Kinachotakiwa zaidi ya fedha ni mafunzo ya mlinzi wa mlangoni na ya keshia, maana mtu mmoja anayesema "mtulize mtoto wako" anaweza kubatilisha taa zote zilizopunguzwa.

Afrika Mashariki mstari wa historia umeanza kulekule ulikoanzia kwingine, kwa wazazi. Kenya walianzisha chama chao mwaka 2003, na shule ya City Primary ya Nairobi ikawa na kitengo cha watoto wenye usonji katikati ya shule ya kawaida. Kenya na Uganda ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja kwa jina haki ya kushiriki sanaa, michezo na burudani. Sisi tunayo faida ambayo New York haikuwa nayo: hadhira zetu bado zinajua kuinuka, kuitikia na kucheza. Tulichokiiga kwa haraka ni spika. Duka jipya la simu mtaani hufunguliwa kwa spika mbili zilizoelekezwa barabarani toka asubuhi hadi jioni, na familia yenye mtoto anayeziba masikio hulazimika kuzunguka mtaa wa nyuma.

Novemba 2023 Walmart, kampuni kubwa kuliko zote za rejareja duniani, ilitangaza kwamba maduka yake yote ya Marekani na Puerto Rico yatakuwa na utulivu kila siku kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi: redio imezimwa, picha za televisheni zimesimama, taa zimepunguzwa pale zinapoweza kupunguzwa. Kutoka Jumamosi moja ya Manchester hadi kila siku ya wiki katika nchi nzima ilichukua miaka saba na nusu. Ni saa mbili ambazo siku za kazi mtoto wa shule yuko darasani na mama yake yuko kazini. Kwa hiyo familia nyingi bado husubiri Jumamosi, hufika mlangoni mapema, huzunguka na toroli kwa mpangilio uleule wa wiki iliyopita, mkate, maziwa, ndizi, na hujitahidi kuwa wamemaliza kulipa kabla ya saa nne, redio inapowashwa.